Sukari Iliyobaki Mfukoni Mwangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mtu wa miaka thelathini na minane, nina mke mmoja na binti mmoja, na jina langu sitalitaja, na majina ya wengine nimeyageuza. Nakaa hapa hapa Mombasa. Ukinikuta njiani utaniamkia kwa heshima, maana ndevu ninazo na kofia naivaa sawasawa. Lakini mnayemwamkia ni mtu aliyemuua mama mkwe wake... na mama mkwe huyo alikuwa akinipenda kuliko wanawe wa kuzaa!

Msishtuke mkalikunja gazeti. Nisikilizeni kwanza, kisha mnitukane mtakavyo.

Mimi ni mtoto wa Majengo. Baba yangu alikuwa mchukuzi wa bandarini, na mgongo wake ulipokwisha, akafa. Vita vilipoanza kule Ulaya nikasikia kuwa Tudor kuna mama wa Kizungu, mjane, anatafuta mtu mwenye mikono mitulivu. Nikaenda mbio. Nilidhani ni mambo ya kushona au kupiga pasi. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa mbwa!

Naam, mbwa. Jina lake Bobi, mweupe mwenye madoa ya kahawia. Nilimkuta amelala barazani, mbavu unazihesabu. Alikuwa anakula kila awekewacho na bado anakonda. Maji akinywa beseni zima, kisha anakojoa kila pembe ya nyumba. Memsahibu aliijua dalili hiyo, maana marehemu mumewe alikufa kwa ugonjwa uo huo, ugonjwa wa sukari. Bomba la sindano alilokuwa akijipigia mumewe bado lilikuwa kabatini. Memsahibu akaapa kwamba mbwa naye hatamfia. Lakini vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, hawezi kushika bomba. Ndipo ikatakiwa mikono yangu.

Alinifundisha mwezi mzima. Kila asubuhi nilimfuata Bobi bustanini na kopo kuukuu, ainue mguu niukinge mkojo wake! Nikatia matone yake kwenye kichupa chenye dawa ya buluu, nikakichemsha juu ya taa ya spiriti. Ukibaki buluu, sukari hakuna. Ukigeuka kijani, sukari kidogo. Ukiwa mwekundu kama tofali, sukari imejaa. Kisha nachemsha sindano, natoa chupa ndogo ya dawa kwenye sanduku la barafu, navuta kipimo, nainua ngozi ya shingo, nachoma. Dawa yenyewe Memsahibu aliiita insulini.

Na baada ya sindano, chakula, papo hapo. Hilo alinifundisha kwa ukali kuliko mengine yote. Kiswahili chake kilikuwa cha Kizungu, lakini neno hilo sikulisahau: “Sindano kwisha, chakula pesi pesi! Hapana chakula, hapana sindano!” Kila siku nikitoka jikoni aliniuliza swali moja tu: “Bobi nakula?” Nami hujibu, “Amekula, Memsahibu.”

Siku moja Bobi alipigwa sindano akakataa nyama yake. Mimi nikapuuza. Haikupita muda akaanza kuyumba, akatetemeka, povu likamtoka, miguu ikakakamaa. Memsahibu akaja anapiga kelele, akachota sukari kwa kidole akamsugua ndani ya mdomo, kwenye ufizi. Wallahi, hata shati langu halijakauka jasho, mbwa akasimama akanilamba mkono! Tangu siku hiyo aliniamuru nisitembee bila kikaratasi cha sukari mfukoni. Na sukari wakati ule wa vita ilikuwa adimu, watu wanapanga foleni kwa ratili moja. Mbwa alikuwa na fungu lake.

Sasa nyinyi mnajua, na nisipowaambia mnajua, mbwa kwetu ni najisi. Kila jioni kabla ya kurudi nilikwenda nyuma ya vyumba vya maboi, nilikoficha kopo la udongo safi, nikaosha mikono mara saba, moja kwa udongo. Navua kaptura ya kazi, navaa kanzu, na vilivyokuwa mfukoni mwa kaptura navihamishia mfukoni mwa kanzu. Hapo nakuwa muungwana.

Ndipo nikataka kuoa... na nikataka juu! Nilimpenda Maimuna, binti wa Mji wa Kale, nyumba yao kichochoro cha tatu kutoka Ndia Kuu, watu wa chuo cha Kurani na wa adabu. Mshenga wangu, mzee wa Majengo, aliniuliza, “Kazi yako nikaseme nini?” Nikamwambia napiga sindano kwa Mzungu, Tudor. Je, ni uongo huo? Si uongo! Lakini mzee akenda kule akatia chumvi yake, akasema bwana harusi ni dresa, mpiga sindano, mkono wa kulia wa daktari. Akarudi akanieleza huku anacheka. Nami nikacheka. Nikanyamaza...

Ah, kunyamaza kule!

Kakake Maimuna, Shekuwe, mwenye duka la leso, alikataa katakata. Alisema hamtoi dadake kwa mtoto wa mchukuzi, na alinisema mbele yangu, nimekaa mkekani mwao na kahawa mkononi. Lakini mama yao, Bi Mishi, alikuwa nyuma ya pazia. Sauti yake ikatoka: “Huyo mtoto wa mchukuzi ndiye atakayenipiga sindano siku ya homa yangu. Na wewe mwenye duka utaniletea nini, Shekuwe? Leso ya kunifunika?” Watu wakacheka na Shekuwe akainamisha kichwa. Nikaozwa.

Wasomaji, mnakumbuka sindano ilivyokuwa inaheshimiwa siku zile. Kidonge ni kidonge tu, na maji ya dawa hata mganga anayo. Lakini sindano! Mtu akipigwa hospitali hufunua mkono barazani wenziwe wauone. Basi Bi Mishi kwenye kila arusi na kila matanga alikuwa na neno lake: “Mkwe wangu apiga sindano.” Na mashoga zake walimhusudu kweli.

Haukupita mwaka akaanza kuniomba. Mara mgongo, mara magoti, mara moyo wamwenda mbio. Kila Ijumaa tukienda kumwamkia, akishaniuliza hali, huuliza na bomba. Nikawa namkwepa. Nikimwambia sindano ziko kwa Mzungu, ananiambia, “Mwanangu, wamfanyia Mzungu, mimi mamako wanifanyia uchoyo?” Na Shekuwe pembeni anatabasamu. Siku moja akatamka wazi kwamba huenda dresa huyu hajui hata sindano ina ncha upande gani.

Lilinichoma neno hilo! Juma la pili nikaja na bomba nimelifunga kwenye kitambaa. Ndani yake mlikuwa na maji yaliyochemshwa, maji matupu. Bi Mishi akajifunika leso gubigubi kwa haya, akatoa mkono mmoja tu, mwembamba, una hina mpaka kwenye kiwiko. Nikachoma. Jioni ile ile akainuka akapika! Akasema mgongo umepona. Mtaa mzima ukapata habari. Nikajiona mimi ni mimi.

Nikampiga maji mara tatu. Mara ya tatu hakuridhika. Shoga yake alikuwa amepigwa sindano hospitali, nayo ilimwasha mkono mzima, akasikia dawa ikipanda. “Hini yako haina ukali, mwanangu. Wanionea huruma. Nitilie ile wampayo Mzungu.”

Ile nimpayo Mzungu...

Ramadhani ikaingia. Bi Mishi alikuwa na homa ya siku kadhaa, maungo hayana nguvu, na bado anafunga. Maimuna alimsihi ale, mgonjwa ana ruhusa. Akamjibu kwamba tangu kuvunja ungo hajala mchana wa Ramadhani ila kwa udhuru wa kike, na hataanza uzeeni. Dawa za kunywa hakugusa. Lakini akamtuma Shekuwe kwa mwalimu akaulize kama sindano inafunguza. Mwalimu akajibu kuwa sindano hailiwi wala hainywewi, haipiti kooni, saumu yake iko palepale. Mwalimu simlaumu. Aliulizwa habari za sindano, hakuambiwa mna nini ndani!

Bi Mishi akafurahi, akaniita.

Usiku wa kuamkia siku ile niliwaza hivi, na nawaeleza wazi ili mjue ujinga wangu ulivyokuwa. Nilimwona Bobi kwa mato yangu mawili. Alikuwa mfu, sasa ananenepa, manyoya yanang'aa, anakimbia paka. Dawa iliyomfufua mbwa, kwa nini isimpe nguvu mama yangu mkwe? Ile amri ya chakula niliikumbuka. Sisemi nilisahau! Lakini nikajiambia ile ni tabia ya mbwa, na mwanadamu ni kiumbe kingine. Na kumwambia Bi Mishi “kula kwanza” singeweza, maana ndilo neno moja alilokuwa hataki kulisikia.

Asubuhi nikampiga Bobi sindano yake, nikamlisha. “Bobi nakula?” “Amekula, Memsahibu.” Kisha nikaiba chupa iliyokuwa karibu kwisha, na bomba nikalifunga kitambaani. Nikaosha mikono mara saba, nikavaa kanzu, nikahamisha vilivyo mfukoni.

Nilifika Mji wa Kale baada ya sala ya adhuhuri. Bi Mishi alikuwa kitandani, leso mpya, amejitia udi kwa ajili ya sindano! Bobi nilikuwa nampa kipimo kidogo. Nikasema mtu ni mkubwa kuliko mbwa... nikajaza bomba zima. Nikachoma.

“Hini ndiyo!” akasema. “Leo nimeisikia. Mungu akuweke, mwanangu, akupe zaidi ya hawa niliowazaa.” Shekuwe alikuwa mlangoni, anasikia kila neno, nami nilimtazama usoni kwa raha.

Nusu saa ya kwanza alikuwa anazungumza vizuri. Kisha akacheka, akasema, “Nna njaa! Njaa hini sijapata kuiona tangu kuzaliwa.” Maimuna, aliyekuwa anakanda unga wa kaimati, akacheka naye, akamwambia hiyo ndiyo dalili ya kupona. Mimi sikucheka. Niliona jasho juu ya mdomo wake wa juu, matone madogo madogo.

Alasiri ilipoadhiniwa leso yake ilikuwa imelowa. Mikono inatetemeka, hawezi kushika tasbihi. Akaanza kusema maneno yasiyokuwa yake. Mwanamke ambaye sijapata kumsikia akiinua sauti, akamtukana Maimuna tusi la bandarini! Kisha akalia, akamwita mamake aliyekufa zamani.

Shekuwe akasema ni pepo. Jirani mmoja akauliza, pepo wa wapi, na Ramadhani mashetani wote wamefungwa? Wakabishana, wallahi, wakabishana juu ya kichwa cha mgonjwa! Bibi mmoja akaleta chetezo, chumba kikajaa moshi wa ubani. Nami nimesimama pale ukutani. Nilikuwa naijua safari yote. Baada ya jasho ni kuyumba, baada ya kuyumba ni povu, baada ya povu ni miguu kukakamaa. Niliijua kwa mbwa, na sasa naiona kwa mama.

Nikatia mkono mfukoni. Kikaratasi cha sukari kikagusana na vidole vyangu.

Sasa niulizeni! Kwa nini sikukitoa? Hatua mbili tu kutoka ukutani mpaka kitandani! Nitawajibu, na mnitemee mate. Nilikuwa namwogopa Shekuwe. Nikimtia mama sukari mdomoni ataniuliza, kwa nini wamfunguza? Nikisema ndiyo dawa yake, ataniuliza nimejuaje. Na nikisema nimejuaje, mbwa atatoka. Atatoka Bobi na kopo lake la mkojo, na sindano iliyotoka shingoni mwa mbwa ikaingia mkononi mwa Bi Mishi. Maimuna nitanyang'anywa jioni ile ile. Na watoto wa Ndia Kuu watabweka nikipita.

Shekuwe akanishika bega. Kwa mara ya kwanza alikuwa ananisemesha kwa upole, machozi yamemjaa. “Shemeji, wewe ndiwe dresa. Sisi hatujui kitu. Sema, tufanyeje?”

Nikamjibu, “Ni dawa inafanya kazi. Tungojeni futari.”

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Niliwaza kwamba magharibi haiko mbali, atafuturu kwa tende kama watu wote, tende ni tamu, atainuka, na hakuna atakayejua. Nilitaka saumu yake inifichie siri yangu! Maimuna aliponiuliza kwa mato, nikamtikisia kichwa kwamba asiwe na wasiwasi. Akaniamini, akarudi jikoni kuchoma kaimati.

Saa ile haikuwa ikisogea. Jua limekwama ukutani mwa nyumba ya pili. Bi Mishi akakakamaa mara ya kwanza, wanawake wakapiga yowe, wakamshika miguu. Nikasema moyoni, bado kidogo. Akakakamaa mara ya pili. Bado kidogo... Kisha akatulia, na watu wakamshukuru Mungu wakidhani amelala. Mimi nilijua si usingizi. Bobi hakupata kufika hapo, sukari ilimwahi.

Adhana ikaanza. Neno la kwanza halijaisha nikaruka, nikampiga kikumbo bibi mwenye chetezo, nikapasua kile kikaratasi, nikamfungua mdomo Bi Mishi nikamimina sukari yote. Nikamsugua ufizi kwa kidole, nikasugua, nikasugua! Nilikuwa namwita, “Mama, meza! Meza, mama!” Sukari ilikaa juu ya ulimi wake, kavu. Haikuyeyuka.

Nyumba nzima ilikuwa inalia. Maimuna alikuja na sahani ya tende mkononi, akasimama nayo vivyo hivyo.

Mnadhani walinikamata? Mnadhani walinipiga? Laiti! Shekuwe alinikumbatia. Alinililia kifuani, akaniambia, “Nilikudharau, ndugu yangu, nisamehe. Sisi wanawe tumesimama tu, wewe ndiye uliyekumbuka kumfuturisha. Amefuturu kwa mkono wako.” Na habari hiyo ikatembea Mji wa Kale wote: Bi Mishi amekufa na saumu yake, na futari mdomoni, futari ya sukari wakati sukari haipatikani, kwa mkono wa mkwewe. Makaburini walinipisha nishuke mwanandani kumpokea. Nilimlaza kwa mikono hii hii.

Siku ya pili yake nilikwenda kazini, maana mbwa hangojei matanga. Nikamkinga mkojo, nikachemsha, ukabaki buluu safi. Nikampiga sindano, nikamwekea nyama, akala yote. Memsahibu akatoka barazani. “Bobi nakula?” akaniuliza. Nilikaa chini kwenye majani, nikalia mpaka mbwa akaja kunilamba uso, wala sikumfukuza.

Bobi aliishi. Aliishi miaka minne zaidi, akafa kwa uzee, akazikwa chini ya ua la waridi. Memsahibu alipofunga safari ya kwao aliniachia bomba na cheti. Kwenye cheti aliandika kwamba kwa miaka yote ile sikukosea dawa hata mara moja. Kwa cheti hicho nikapata kazi hospitali, na leo, wasomaji, mimi ni dresa kweli! Ule uongo wa mshenga umekuwa kweli, lakini umemla mtu kwanza. Kila mgonjwa anayenitolea mkono namwuliza, “Umekula?” Wenzangu wananicheka, wananiita Bwana Umekula.

Nanyi mnaosoma, nawasihi. Kazi yako, ikiwa ni kuchota taka, iseme kwa jina lake siku ya posa. Ukinyimwa mke, umenyimwa mke tu. Wewe mgonjwa, usimpe mkono wako mtu eti kwa kuwa ana bomba. Uliza ndani mna nini, na akikasirika, rudisha mkono wako ndani ya leso. Na wewe unayejua dawa ya mtu aliye mbele yako akifa, fungua mdomo, hata kama kwa kuufungua utaitwa mbwa. Kuitwa mbwa hakuui! Mimi nimeona kinachoua.

Maimuna hajui mpaka leo. Yeye asoma herufi za Kiarabu, hizi za Kizungu hazijui, ndiyo sababu nimeweza kuandika naye yuko karibu, anamsuka nywele binti yetu, Mishi mdogo. Ameniona siku mbili hizi nimeinamia karatasi, akaniuliza naandika nini. Nimemwambia nawaandikia watu habari za marehemu mama, wapate kumwombea dua.

Amefurahi sana. Ameniambia nisisahau kuandika kwamba mama yake alifuturu kwa mkono wangu.